Kihamba Juu ya Duka la Vitambaa

Mama yangu alihamia mjini kwa kubebwa kwenye kiti cha mbao, wanaume wawili wameshika huku na huku wakipanda ngazi wanahema, naye amekaa katikati anawaelekeza kona utadhani wao ndio wagonjwa. Aibu ile hakunisamehe. Alikuwa ameteleza kihambani, kwenye shamba lake la nyumbani huko Kibosho mlimani, akikata majani ya ng'ombe kwenye mteremko ambao hata mbuzi huufikiria kwanza, akavunjika nyonga. Hospitali wakamtibu, wakampa mkongojo, kisha wakaniambia mimi, mbele yake, kwamba huyu mama asirudi kuishi peke yake kule juu. Akianguka tena hatainuka. Mama alisikiliza yote akitazama dirishani, kana kwamba anayesemwa ni jirani.

Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kaka zangu walikuwa Dar es Salaam wakitafuta maisha, na maisha yakiwapiga chenga. Nikabaki mimi na vyumba vyangu viwili kwenye ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja la zamani katikati ya Moshi. Chini kulikuwa na duka la vitambaa. Juu ya duka aliishi mwenye duka, ambaye ndiye mwenye nyumba, pamoja na mama yake mzee. Juu yao tulikuwa sisi wapangaji, na juu yetu paa la zege, bapa, lenye tangi la maji, antena za televisheni na kunguru.

Nyuma ya mlango wangu Mama aliweka furushi. Lilikuwa kitenge cha kijani kilichofungwa mafundo mawili, na ndani yake mlikuwa na gauni la kanisani, rozari, kisu chake cha kukatia majani na sufuria ndogo. Nikamwambia, Mama, kabati lipo. Akanijibu kwamba kabati ni la wenyeji, yeye ni mgeni. Kila asubuhi nikiamka namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa koti, mkongojo mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Gari la Kibosho linaondoka saa ngapi?"

Kila asubuhi, jamani! Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, lakini utamkasirikia vipi mama yako kwa kuuliza saa ya gari? Nilikuwa nameza mate, nasema limeshaondoka. Ukweli ni kwamba niliogopa. Ngazi zilikuwa bado zinamshinda, ila mama yangu na neno kushindwa hawakuwa wanafahamiana sana. Niliogopa nitakwenda sokoni nirudi nikute kitanda kimetandikwa na nyuma ya mlango patupu, halafu nipelekewe habari kwamba ameokotwa kwenye mteremko ule ule. Furushi lile lilininyima raha kuliko ugonjwa wenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yalijaa kila kitu, sabuni za kila rangi, redio za kila ukubwa, na watu wakawa wanapunguzwa kazini ili, tuliambiwa, uchumi upumue. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma ambalo lilipunguza wafanyakazi mpaka likajipunguza lenyewe. Nikarudi nyumbani na mikono isiyojua kukaa. Siku moja nikatia udongo kwenye karai lililopasuka, nikapanda mnafu, nikalipeleka juu ya paa penye jua. Majirani wakacheka. Mboga ilipokomaa wakaacha kucheka, wakaanza kupanda ngazi na vijisufuria.

Ndivyo shamba la ushirika wetu lilivyoanza. Tulikuwa familia zote za ghorofa ya juu: mimi, mama mmoja muuza mitumba, wengine wawili watatu, na jirani yangu wa mlango wa pili, mzee wa Kipare aliyestaafu reli. Huyu tulimchagua Mwenyekiti kwa sababu alikuja kwenye kikao cha kwanza akiwa tayari ni Mwenyekiti. Alitaka tuwe na katiba. Mimi nikasema mchicha hauhitaji katiba. Akasema maneno hayo hayo ndiyo yaliyoua mashirika ya umma, na mimi nilikuwa nimetoka huko huko. Nikapewa ukatibu.

Tukamwendea mwenye nyumba kuomba idhini. Sisi tulimwita Tajiri, kama ilivyokuwa desturi. Mhindi huyu alizaliwa hapa hapa Moshi, akakulia nyuma ya kaunta ya baba yake, na alikuwa anabishana bei kwa Kichagga cha Kibosho, cha Machame au cha Rombo kutegemea nani ameingia dukani. Alitusikiliza, akakuna kichwa.

"Mchicha?" akauliza.

"Mchicha tu, Tajiri."

"Ndoo kidogo, mchicha kidogo. Haya, ruksa."

Basi tukaanza kupandisha udongo. Mtu ambaye hajapandisha shamba kwa ngazi asije akaniambia anajua kilimo. Tulibeba kwa viroba, kwa madebe, kwa beseni za kufulia, na kila mmoja akawa analaumiwa kwa kumwaga kwenye ngazi alizozifagia mwenzake. Mbolea tuliipata mtaa wa Soweto kwa mama mmoja niliyekuwa naye kwenye kwaya, anafuga ng'ombe wawili uani. Mkokoteni ulikuwa unasimama mbele ya duka la Tajiri, viroba vinashushwa, wateja wanaingia kuulizia vitenge huku wamebana pua kwa kanga. Mama yake Tajiri alichungulia dirishani. Mwanawe alimwita Ba, yaani mama, nasi sote tukamwita Ba.

"Ni ya nini hiyo?" akauliza.

"Ng'ombe, Ba. Samahani kwa harufu."

"Ya ng'ombe? Basi hakuna neno," akasema, akafungua dirisha zaidi.

Baada ya muda naye akawa anapanda juu na kopo lake la giligilani na uwatu, akaliweka karibu na tangi.

Mama hakutaka hata kusikia. "Mboga kwenye ndoo? Ndoo ni ya maji." Nilimbembeleza wee, mpaka siku moja, nadhani kwa kuchoka kunisikia, akapanda zile ngazi chache za kwenda juu ya paa, mkongojo mbele, mimi nyuma nimetanua mikono. Kufika akasimama. Kulikuwa kumetakata. Mlima ulikuwa wazi wote, na chini ya theluji unaona ule ukijani wa miteremko, na mtu anayejua pa kutazama anaiona Kibosho na hata mnara wa kanisa. Mama alitazama huko muda mrefu. Nikajua nimekosea, nimempeleka kumwonyesha alichonyimwa. Kisha akageuka, akauelekezea mkongojo mnafu wangu.

"Nani amepanda hivi? Imebanana kama watu wa msibani. Nipe kisu changu."

Kisu kilitoka kwenye furushi. Jioni kikarudi kwenye furushi, na furushi nyuma ya mlango. Hata hivyo siku hiyo alikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu aje mjini.

Kuanzia hapo Mwenyekiti akabaki na cheo, shamba likawa la Mama. Watu walipogombana nani ndoo yake imevuka kwa mwenzake, Mama aliagiza masale kutoka kihambani, akayapanda kwenye makopo katikati ya familia na familia. Isale, kwa asiyejua, ni ule mmea wa majani marefu unaotenganisha vihamba kwetu. Mpaka wake hauguswi. Muuza mitumba alipoona masale akaacha kugombana mara moja, akaenda kuvua viatu ndipo apite. Nikasema moyoni, aisee, hii sasa si bustani tena.

Halafu ukaja mgomba. Niliporudi kutoka sokoni nilikuta pipa lililokatwa nusu, limejaa udongo na mbolea, na chipukizi la mgomba limesimama humo, dereva wa pikapu ya kahawa ya Kibosho anajifuta jasho.

"Mama! Tajiri alisema mchicha!"

"Na mchicha upo," akasema Mama. "Nani ameung'oa? Lakini shamba lisilo na mgomba ni bustani ya Wazungu. Mgeni akija utamkalisha wapi, chini ya kitunguu?"

Nilimwona amejipaka udongo mpaka viwiko, uso umechangamka, nikajiambia, mgomba mmoja tu. Mgomba mmoja utafanya nini?

Mgomba haukufanya kitu. Kilichotuponza ni maji. Asubuhi maji ya mjini yalipokuja kwa nguvu, tangi lilikuwa linafurika, yanatiririka kwenye zege mpaka bomba la mvua, yanapotelea barabarani. Hilo lilimkereketa Mama kuliko nyonga. Kwao Kibosho maji hayapotei. Yanashuka mlimani kwa mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na mababu, yanapita kihamba hadi kihamba, na kila nyumba ina zamu yake ya kuyafungulia. Basi Mama akajenga mfongo juu ya paa. Alitumia udongo wa mfinyanzi na vipande vya matofali, akauzungusha kutoka kwenye tangi, ukapita kwa muuza mitumba, ukapita kwangu, ukanywesha mgomba, na kila mpaka ukawa na kijilango cha jiwe na gome la mgomba. Zamu zikapangwa. Watu wazima wenye akili zao wakaanza kuamka alfajiri kuchungulia kama jirani anaiba maji.

Mwenyekiti hakufurahia. "Mfongo peke yake ni nusu ya kazi," akasema. "Sisi Upareni tuna ndiva. Bwawa. Maji yanakusanywa kwanza, ndipo yanagawiwa kwa utaratibu."

"Nyie Wapare mnakusanya kila kitu," Mama akamwambia.

"Na nyie Wachagga mnakimbilia kila kitu."

Utani huo ni wa miaka mingi kati ya milima yetu miwili, hauna ubaya, ila wazee hawa waliuchukulia kama mashindano. Ubishi ukaenda kikaoni. Kikao, kwa kutaka amani, kikaamua vyote viwili. Mwenyekiti akajenga ndiva yake pembeni mwa paa, ukuta wa matofali na udongo, kina cha kufika magotini, na mfongo wa Mama ukawa unaanzia humo. Mimi katibu nilikaa pale nikaona ni jambo zuri kabisa. Kundi zima la Wachagga, na Mpare juu yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza chini ya maji kuna nini. Kwetu sote, chini ya maji siku zote kulikuwa na mlima.

Safari hii kulikuwa na duka la vitambaa.

Maji yalikaa kwenye ndiva, yakapata ufa, yakaingia ndani ya ukuta mahali palipopita bomba la zamani. Yakaturuka sisi wote, yakamruka Tajiri na Ba, yakashuka moja kwa moja dukani kana kwamba yametumwa. Siku hiyo dukani kulikuwa na bibi harusi na shangazi zake. Tajiri alikuwa amekunjua jora la satini nyeupe, bora kuliko zote, ameliinua juu ili wauone mng'aro. Tone la kwanza likaanguka katikati. Lilikuwa la kahawia. Shangazi mmoja akalinusa, akasema, "Hii ni samadi." Na baada ya hapo, nimeambiwa, dari ikafunguka.

Nilisikia viatu vyake vikipanda ngazi. Tajiri hakuwa amefika juu ya paa tangu siku ya ruksa. Alitokeza mlangoni na satini mkononi, mdomo wazi tayari kugomba, halafu mdomo ukabaki wazi hivyo hivyo. Alitarajia ndoo za mchicha. Alikuta mgomba unampita urefu, masale yamepangwa mipaka, maji yanatiririka kwenye mfongo, na mama yangu amekaa kwenye kigoda anapalilia.

"Shikamoo, Mama," akasema. Hata kwenye hasira ile, salamu ilimtoka yenyewe.

"Marahaba, baba. Toa mguu, umekanyaga mnafu."

Akatoa mguu. Akauweka kando ya ndiva. Kitu kikaruka, tumbwi!

"Kuna chura," akasema Tajiri. "Mimi nyumba yangu ni ghorofa. Chura alipandaje?"

Mwenyekiti alikuwa anaangalia mlima.

"Jumamosi," Tajiri akasema, "nikipanda hapa nataka nione zege. Zege tupu. Hakuna mgomba, hakuna mto, hakuna chura. Zege!" Akashuka, satini inaburuta nyuma yake kwenye udongo.

Mwenyekiti akaitisha kikao, akapendekeza rufaa. Sikumbuki rufaa kwa nani. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Na asubuhi yake nilipoamka nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa koti, na furushi safari hii halikuwa nyuma ya mlango. Lilikuwa mapajani mwake.

"Gari la Kibosho linaondoka saa ngapi?"

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari alisema nisianguke. Hakusema nikae kitini mpaka nife. Hapa bila kule juu nitafanya nini, mwanangu? Niwe nahesabu kunguru? Nitarudi kwangu. Nikianguka, nitaanguka kwenye udongo ninaoujua."

Nililia. Sioni aibu kusema, nililia kwa sauti mpaka muuza mitumba akagonga ukuta. Mama akanisubiri nimalize, kisha akasema atakwenda, lakini hawezi kuondoka kwenye nyumba ya mtu akiwa na kosa. Ataomba msamaha kwanza. Akanituma juu nikamkatie isale.

Hapo inabidi nieleze tena. Isale si mpaka tu. Kwetu mtu akikukosea akaja na jani la isale lililofungwa fundo, akakukabidhi, kesi imekwisha. Ukilishika umesamehe. Kulikataa, sijapata kumwona mtu aliyelikataa, na wanaosimuliwa kuwa walilikataa hawasimuliwi kwa mema. Mama akalifunga fundo lake polepole, akanipa nilipeleke kwa niaba yake.

Mimi nilidhani ni kazi ndogo. Mhindi atajua nini kuhusu isale? Nikaingia dukani, nikaona macho yake yakishuka usoni kwangu mpaka kwenye jani. Na Tajiri, mtu mzima, mwenye kitambi chake, akazama nyuma ya kaunta.

"Tajiri ametoka," mfanyakazi wake akaniambia bila kunitazama. "Amekwenda Bomang'ombe."

Chini ya kaunta Bomang'ombe ikapiga chafya.

Basi ndipo nikaelewa. Mtu aliyezaliwa Moshi, anayewauzia Wachagga sanda na shela, anajua isale ni nini kuliko hata watoto wetu. Alijua akilishika, kwaheri zege tupu. Akilikataa mbele ya watu, habari itafika Rombo kabla ya gari. Kwa hiyo aliamua kuingia mitini. Siku zile zote hadi Ijumaa alikuwa anapita mlango wa nyuma. Hakupokea kitu mkononi mwa mtu yeyote, wateja waliambiwa waweke mezani. Mwenyekiti alijaribu kumpelekea jani limefungwa kwenye gazeti, akasema ni gazeti la leo. Tajiri akamjibu kwamba habari za leo ameshazisikia redioni, akatoka nduki.

Ba alipanda juu kumwagilia uwatu wake, akamkuta Mama amekaa na jani lililoanza kunyauka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu haogopi polisi, haogopi kodi, anaogopa jani!"

Mwenyekiti akaona mwanya. "Basi tumkabidhi Ba. Mama mzazi ni sawa na mwenyewe."

"Hapana," Mama akasema. "Niliyemkosea ni yeye."

Ijumaa mchana nilikuwa juu ya paa. Nilikuwa nimeshabomoa ndiva, nimemweka chura kwenye kopo, na nang'oa mfongo jiwe kwa jiwe huku nanung'unika peke yangu. Nikasikia kok. Kisha kok. Kisha mguu unaburutwa. Ulikuwa mkongojo wa Mama, na haukuwa unapanda. Ulikuwa unashuka.

Nilikimbia mpaka mlangoni nikainama kwenye tundu la ngazi. Mama alikuwa ameshapita mlango wangu, yuko kwenye ngazi za kuelekea kwa Tajiri, mkono wa kulia mkongojo, wa kushoto isale jipya lenye fundo. Amevaa gauni la kanisani. Ngazi zile hakuwa amezikanyaga kwa miguu yake tangu abebwe. Sikuthubutu kupiga kelele nisije nikamshtua. Na kutoka chini nikaona upara wa Tajiri, anapanda kwenda kula chakula cha mchana, anapiga mluzi.

Mluzi ukakatika. Wakatazamana. Tajiri akapeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Leo mkono hunipi?"

"Michafu, Mama. Mikono yangu michafu."

"Yangu ina samadi," akasema Mama. "Nani atamcheka mwenzake?"

Tajiri akaanza kurudi kinyumenyume, ngazi moja, ngazi nyingine. Mama akasogeza mkongojo. Mkongojo ukateleza kwenye zile chembe za udongo tulizokuwa tukilaumiana kila siku kuzimwaga. Nikaona mgongo wa mama yangu unayumba kwenda mbele, na mimi niko mbali, na hakuna ninachoweza.

"Yesu na Maria!" nikapiga yowe.

Tajiri aliruka. Sijui mwili ule uliruka vipi, lakini aliruka zile ngazi kwenda juu akaidaka mikono yote miwili ya Mama, kaishika kwa nguvu, akamkalisha taratibu kwenye ngazi. Wote wawili walikuwa wanahema. Mkongojo ulienda ukigonga mpaka mlangoni mwa duka. Kisha Tajiri akatazama viganja vyake.

"Mama!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa stendi.

"Umeshika," akasema Mama.

"Hapana! Hiyo si halali! Mimi nilikuwa nakudaka!"

"Baba, umeshika."

Chini yangu nikasikia sauti ya Mwenyekiti, aliyekuwa ametoka kwake kwa yowe langu. "Kikao kimeshuhudia," akasema.

Tajiri akakaa kwenye ngazi, kando ya Mama, jani mkononi. Nilidhani atalia. Mabega yakawa yanatikisika, kumbe anacheka. Akasema kitu kwa Kichagga cha Kibosho, kile cha kina mama kabisa, kwamba baba yake marehemu alimwonya, ukikodisha nyumba kwa hawa watu watalima mpaka kaburi lako. Mama akamwambia baba yake alikuwa na akili.

Akatoa masharti pale pale. Ndiva hapana. Mfongo hapana, maji yabebwe kwa ndoo. Chura aende kwao. Ukarabati wa ufa ni juu yetu sote. Na mgomba?

"Upepo ukiuangusha barabarani utaua mtu," akasema. "Ufungwe. Ufungwe kwelikweli, leo hii, kabla sijabadili mawazo."

"Aika," akasema Mama, akimshukuru kwa Kichagga.

Kumpandisha ilibidi kiti kiletwe. Kile kile cha mbao. Safari hii waliobeba ni Tajiri na Mwenyekiti, na Ba alisimama mlangoni kwake akipiga makofi. Mama alipita amekaa wima na gauni lake la kanisani, anawapungia watu mkono. Kuhusu aibu hakusema kitu.

Tulipobaki wawili nikamuuliza. "Mama, uliteleza kweli?"

"Mkongojo uliteleza," akasema. "Mimi nilikuwa nimesimama."

Mpaka leo sijapata jibu lingine. Nikaanza kutafuta kamba ya kufungia mgomba. Niliyopata ilikuwa ya kuanikia nguo, imeoza. Nikasema nishuke dukani. Mama akanizuia, akaelekeza mkono kitandani.

"Nipe kile kitenge."

"Kipi?"

"Kile cha kijani. Unaniuliza kana kwamba nina maduka ya vitenge."

Akayafungua yale mafundo mawili kwa meno, kwa kuwa yalikuwa yamekaza. Sufuria akaiweka jikoni na zangu. Rozari akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Kitenge akakipasua katikati kwa urefu, akaunganisha, tukapanda juu pamoja, na akaufunga mgomba kwenye nguzo ya tangi kwa namna ambayo hata kimbunga kingeomba radhi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mlimani. Mgomba ulitikisika kidogo, ukatulia. Mimi nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Asubuhi yake nikaamka, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa koti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Gari la Kibosho linaondoka saa ngapi?"

Nikageuka kutazama nyuma ya mlango. Hakukuwa na kitu, ila fagio.

"Mama... unakwenda?"

"Mimi? Niende wapi? Wewe ndiye wa kwenda, ukamwambie dereva aniletee chipukizi jingine. Mgomba haukai peke yake."

Nikavaa viatu, nikashuka kwenda kumtafuta dereva. Nilipita mlango wa nyuma, Tajiri asinione.